Siku Odeta Alipoulizwa

Anicet alipoambiwa na daktari wa Mpanda kwamba moyo wake umechoka, na kwamba asishike jembe tena, hakulia wala hakubisha. Alirudi Katumba amekalishwa nyuma ya baiskeli ya mkwewe, miguu imevimba mpaka kandambili hazimwenei, akaomba kitanda chake kitolewe nje, kiwekwe penye upenu. Alitaka kuona shamba. Hapo kitandani, kati ya usingizi na kuamka, ndipo alipoanza kuyataja mambo ambayo hakuyafanya maishani.

“Sikupanda kahawa,” alimwambia Odeta.

Odeta alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu naye akimenya mihogo. Alidhani mumewe anaota.

“Na bati sikuezeka,” Anicet aliendelea. “Na kisima sikuchimba. Maji tunachota kwa watu mpaka leo.”

Kila jambo lilikuwa na sababu ileile, na wote wawili waliijua. Walikuwa Warundi waliovuka mpaka kama wakimbizi mwaka wa sabini na mbili, wakakatiwa pori na kuambiwa walime, na tangu siku hiyo neno moja lilikaa nyumbani mwao kama mgeni asiyeaga: tukirudi. Kahawa huchukua miaka kuzaa. Tukirudi nani ataichuma? Bati ni mzigo. Tukirudi nani atalibeba? Kwa hiyo Anicet, ambaye mihogo yake ilijaza magunia hata wafanyabiashara wa mjini wakamjua kwa jina, aliishi kwenye nyumba ya nyasi inayoonekana kama imejengwa juzi na itabomolewa kesho kutwa. Sasa ilikuwa mwaka wa tisini na tano, na kwao hakukuwa hata na dalili ya kurudika.

Ulikuwa mwezi wa kumi. Miti ya porini ilikuwa imetoa majani mapya mekundu, kama kawaida yake ya kutosubiri mvua, na moshi wa mashamba yanayochomwa ulitanda siku nzima bila kwenda popote. Katika moshi ule vitu vya mbali vilionekana vya karibu, na vya karibu vilikuwa kama vinaondoka. Odeta alimenya mihogo akimsikiliza mumewe akipanda kahawa kwa maneno, akiezeka bati kwa maneno, na mara nyingine alijisahau akaona kweli nyumba inang’aa kule juani.

Siku moja jioni Anicet alimgeukia Odeta.

“Na ndoa hatukufunga,” alisema. “Nilitaka tufungie kwetu, mama yangu akiwa kanisani. Mama amekufa, kanisa sijui kama lipo. Hili moja, Mama Emelyne, bado naliweza. Mwite Celestin.”

Odeta alinyanyuka, akapangusa mikono kwenye kitenge, akaenda kumwita Celestin, katekista wa kigango chao. Hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa ametumwa, naye akaenda, kama ambavyo angetumwa chumvi.

*

Kabla wiki haijaisha jambo hilo lilikuwa la kijiji kizima. Emelyne, mtoto wao pekee aliyeishi, alikuja kutoka Kakese alikoolewa, mtoto mgongoni, mwingine akimkokota mkono, akashika uongozi wa nyumba. Mtama wa pombe ulilowekwa. Manyanda, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia ng’ambo ya bonde na ng’ombe zake, alileta mbuzi akasema huyo ni zawadi yake kwa mzee Anicet, wasijisumbue. Wanawake wa jumuiya walikuja na gauni jeupe la kigango, lile lililokuwa likiazimwa na kila bibi harusi, wakamvika Odeta ndani ya nyumba madirisha yakiwa yamezibwa kwa khanga.

Halikufunga mgongoni. Walivuta huku, wakavuta kule, mmoja akamwambia abane pumzi. Lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya msichana asiyezaa, na Odeta alikuwa amezaa watano na kuzika wanne. Wanawake walicheka, si kwa ubaya, wakasema bibi harusi ameshiba. Emelyne alibana mgongo kwa pini, akashauri mama yake avae kitenge begani kuficha pengo. Odeta alisimama katikati yao mikono ikiwa imening’inia, akijiangalia kwenye kipande cha kioo, na ilimjia kama anamtazama mtu aliyeletwa pale kwa kosa.

Siku hizo alitembea kama mtu aliye chini ya maji. Sauti zilimfikia zimechelewa. Walimuuliza chumvi iko wapi, vyungu viazimwe kwa nani, mchele uoshwe lini, naye alijibu yote hayo vizuri.

*

Padre alikuja kwa pikipiki, uso umejaa vumbi. Alikuwa kijana Mfipa, mpole, mgeni katika parokia. Alieleza kwamba kabla ya ndoa kanisa huwauliza wachumba maswali machache, kila mmoja peke yake, hata kama wameishi pamoja miaka mingi. Alianza na Anicet pale kitandani, na Odeta akiwa jikoni alisikia sauti ya mumewe ikijibu haraka haraka, kama mwanafunzi aliyesoma sana.

Kisha Padre akaingia ndani, akakaa kwenye kiti, Odeta akakaa kwenye kigoda. Alimuuliza alibatizwa wapi. Alimuuliza kama kuna undugu kati yake na Anicet. Odeta alijibu.

“Na je, mama, unaingia kwenye ndoa hii kwa hiari yako mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu yeyote?”

Kalamu ya Padre ilikuwa tayari imeanza kushuka kwenye karatasi. Kwa uzoefu wake, jibu la swali hilo hufika kabla swali halijaisha.

Odeta hakujibu. Padre alidhani Kiswahili kimemshinda, akarudia polepole, akitenganisha maneno.

“Nimesikia, Padre,” Odeta alisema. “Ni kwamba sijawahi kuulizwa.”

“Basi leo nakuuliza mimi.”

“Basi naomba nifikirie.”

Padre alitabasamu, halafu alipomtazama machoni tabasamu likamtoka. Alikuwa mtu mwenye akili. Aliifunika kalamu yake. Akamwambia kwamba ana haki hiyo, na kwamba yeye atasubiri, ila anazunguka vigango vingi na hajui atapita tena lini.

Odeta hakuwa amepanga kusema vile. Maneno yalitoka yenyewe, na yalipotoka aliona mahali yalipokuwa yamekaa miaka yote hiyo. Aliona siku ile ya kugawiwa mashamba, walipokuwa wamefika tu. Wenye familia walipangwa mstari mmoja, na wasichana wasio na mtu walipelekwa bandani upande wa pili, na kuhusu banda hilo watu walikuwa wanasema mengi mabaya. Shangazi yake Marsela, ambaye sasa ni marehemu, alimshika bega, akamsukuma mpaka ubavuni mwa mwanaume mmoja aliyekuwa ameshika jembe. Akamwambia, “Simama hapa.” Yule mwanaume aligeuka, akamtazama, akasogea kidogo kumpa nafasi. Mwenye kuandikisha alipouliza, Marsela akasema ni mke wake. Odeta alisimama pale alipoambiwa asimame, na hakuna aliyemwambia tena anaweza kuondoka.

*

Pikipiki ilipoondoka nyumba ilipoa. Celestin ndiye aliyeeleza, kwa aibu, akitazama chini, kwamba harusi haitakuwepo Jumamosi kwa sababu mama ameomba muda. Anicet aligeukia ukuta. Hata maji ya dawa hakuyaitisha.

Emelyne alimfuata mama yake jikoni.

“Mama, unafikiria nini? Nyie mna wajukuu.”

“Sijui bado.”

“Baba anakufa, mama. Kila mtu anaona. Watu watasema unasubiri afe ukaolewe kwingine.”

Odeta alichochea moto. Lile lilimuingia kweli, kwa sababu alijua watasema, na kwa sababu mwanawe ndiye aliyelisema kwanza. Angependa kumweleza Emelyne habari za bega na jembe, lakini Emelyne aliolewa kwa kuposwa, barua ilipelekwa na kurudi, wazee walikaa, akaulizwa mbele ya watu, akainamisha kichwa na kutabasamu. Mtu aliyepewa maji hajui kiu ya mwenzake ilivyo, na si kosa lake.

Mbuzi alirudishwa kwa Manyanda. Pombe haikuweza kurudishwa, na pombe haijui kusubiri. Jumamosi majirani walikuja wakainywa. Waliimba uani mwa Odeta nyimbo zote za harusi, wakacheza mpaka jua likaingia, na bibi harusi ndiye aliyekuwa akipita katikati yao na kata, akiwamiminia. Hakuna aliyemtukana. Walimpokea kata kwa mikono miwili na kumshukuru, na wengine walikwepa macho yake.

Ila katika siku zile alifikiria kweli, kama alivyoahidi. Na alipofikiria aligundua kwamba naye ana yake ambayo hakuyafanya. Alishangaa yalivyokuwa madogo. Hakuwahi kulala mpaka jua limpate. Hakuwahi kula kabla ya wengine. Hakuwahi kuimba peke yake kanisani, ingawa alijua sauti yake ni nzuri. Na hakuwahi kupanda treni.

Reli ilipita karibu na jiwe kubwa walipokuwa wakianikia mihogo. Kwa miaka yote Odeta aliiona treni ikitoka Mpanda na kuingia porini, nyuso zikiwa madirishani, mikono ikipunga. Zamani, alipokuwa bado kijana, naye alikuwa akipunga. Mara moja aliwahi kumwambia Anicet kwamba angependa kujua inakokwenda. Anicet akasema, tukirudi tutaipanda, mpaka Kigoma, tukiwa tumekaa dirishani.

*

Asubuhi moja alioga, akavaa kitenge chake kizuri, akaenda kusimama kando ya kitanda.

“Baba Emelyne, naenda kupanda treni. Nitarudi kesho.”

Anicet alifumbua macho. Tangu siku ya Padre walikuwa wameongea habari za dawa na uji tu.

“Kwenda wapi?”

“Mpaka hapo nitakapoona panatosha.”

“Huna kibali.”

“Sina.”

Mkimbizi kutoka nje ya makazi bila kibali lilikuwa kosa, na Anicet mwenyewe aliwahi kulazwa mahabusu kwa sababu hiyo. Odeta alisubiri akatazwe. Alikuwa hajui atafanya nini akikatazwa.

“Chukua koti langu,” Anicet alisema. “Huko mbele asubuhi kuna baridi.”

Koti lilikuwa refu, zito, lenye harufu ya tumbaku na ya kwake. Emelyne alimwona mama yake akishuka njia ya stesheni akiwa amelivaa juani, na hakumwita.

Alipata nafasi dirishani, daraja la tatu. Treni ilipovuta alihisi tumbo likibaki nyuma, kisha likamfuata. Jiwe la kuanikia mihogo lilipita. Lilikuwa dogo mno. Wasichana wawili walikuwa wamesimama juu yake wakipunga, na kabla hajainua mkono wake walikuwa wamekwisha toweka. Halafu likawa pori tupu, majani mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kijani changa, yakikimbia bila kwisha, na ndani ya behewa masikio yalizoea kelele za magurudumu mpaka zikawa kama ukimya. Odeta hakulala, lakini pia hakuwa macho kabisa. Alijiona akiwa msichana, alijiona akiwa bibi, na wote wawili wakiwa wamekaa kwenye benchi lile, wakitazama dirisha moja.

Mbele yake alikaa mwanamke wa Kisukuma, wa umri wake, aliyekuwa na kuku wawili kwenye tenga. Aliitwa Hana, na alikuwa anarudi kwake, karibu na mto Ugalla. Alimgawia kiazi kilichochemshwa, wakala bila maneno mengi.

Mkagua tiketi alipopita alimtazama Odeta, akatazama tiketi, akatazama lile koti.

“Wewe ni wa Katumba?”

Kabla Odeta hajafungua mdomo, Hana alisema, “Huyo ni ndugu yangu. Yuko na mimi.”

Lilikuwa neno la wema. Mkagua tiketi angeridhika na kwenda zake. Lakini Odeta alihisi begani pale pale mkono wa Marsela, mkono wa wema nao, na akajikuta amesimama.

“Mimi ni mkimbizi wa Katumba,” alisema. “Kibali sina. Sitoroki. Nataka kuona treni inakokwenda, halafu nirudi.”

Mkagua tiketi alikuwa mtu mzima, mwenye mvi. Pengine aliwahi kusikia uongo wa kila aina kwenye kazi yake, lakini hilo hakuwahi kulisikia. Alimuuliza kama ana mgonjwa huko. Hapana. Biashara? Hapana. Alikuna kidevu, akasema sheria inamtaka amshushe.

“Unishushe wapi?”

“Ugalla.”

“Mto upo?”

“Upo.”

“Basi nishushe hapo.”

*

Wakashuka pamoja, yeye na Hana, jua likiwa limeanza kulegea. Hana hakuonyesha kukasirika kwamba udugu wake umekataliwa. Aliwaacha kuku kwa mke wa mfanyakazi wa stesheni, akampeleka Odeta mpaka mtoni.

Mto ulikuwa mpana na haukuwa na haraka. Katikati ya maji viboko walikuwa wametoa masikio tu, wakipumua. Ndege weupe walisimama kwa mguu mmoja kwenye tope. Daraja la reli lilivuka juu ya yote hayo na kuendelea upande wa pili, ndani ya pori lingine lililofanana kabisa na lile walilotoka. Odeta alitazama reli ikipotea kule. Alikuwa ametegemea kwamba akifika atajua jambo fulani. Hakujua jambo lolote. Alikaa tu kwenye nyasi, amefunikwa koti la mumewe, akitazama maji yakibadilika rangi, na ikampitikia kwamba hajawahi kukaa mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja anayemngoja amletee kitu.

“Mumeo yupo?” Hana aliuliza.

“Yupo. Anaumwa.”

“Ni mtu mbaya?”

Odeta alilifikiria na hilo. Alimkumbuka Anicet wakati wa kuzika watoto, akichimba mwenyewe, akikataa kusaidiwa. Alimkumbuka akirudi kutoka mahabusu na kuuliza kwanza kama yeye amekula.

“Hapana,” alisema. “Hajawahi kunipiga. Hajawahi kuniuliza kitu pia.”

Hana alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayefahamu, wakaendelea kutazama viboko.

*

Treni ya kurudi ilimshusha Katumba siku ya pili. Anicet alikuwa ameketi kitandani, amewekewa mto mgongoni, amenyolewa ndevu. Emelyne alisema baba yake aliomba mwenyewe.

Odeta alivua koti, akaketi kwenye kigoda. Alitegemea lawama au ukimya.

“Uliona nini?” Anicet aliuliza.

Akamweleza. Mwanzoni kwa kifupi, halafu alipoona amefumba macho ili asikie vizuri, akamweleza yote: benchi, kiazi, mkagua tiketi, ndege weupe, daraja. Anicet alitaka kujua viboko wanapumua vipi, naye akamwonyesha. Alitaka kujua kama treni ikikata kona mtu anaweza kuona mkia wake. Odeta akasema ndiyo, anaweza. Muda ulipita hivyo. Emelyne alichungulia mara mbili na kurudi jikoni.

“Odeta,” Anicet alisema hatimaye. Jina hilo alikuwa hajalitaja tangu Emelyne azaliwe. “Siku ile ya mashamba. Ningekuuliza pale pale, ungesemaje?”

“Ningekataa.”

Alisema bila ukali. Anicet akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata na ikabidi ashikwe.

“Nilijua,” alisema alipopata pumzi. “Ulikuwa unatetemeka. Nilisema moyoni, huyu nikimuuliza atakwenda bandani. Nikaona nisiulize. Halafu siku zilizofuata nikaona aibu kuuliza kitu nilichokwisha pewa. Nikasema, tukirudi nitamuuliza vizuri.”

Odeta hakuwa amewahi kujua kwamba mumewe ana hilo moyoni.

“Sasa nauliza,” Anicet alisema. “Si Padre. Mimi. Utakubali nikuoe?”

“Naomba nifikirie.”

“Fikiria.”

*

Mvua zilianza. Kitanda kilirudishwa ndani, karibu na mlango, na matone yalipenya nyasi yakadondoka kwenye sufuria walizozipanga sakafuni. Emelyne alirudi kwake Kakese kuwahi kupanda. Wakabaki wawili.

Kila jioni, baada ya uji, Anicet aliuliza. Kila jioni Odeta alijibu kwamba bado anafikiria. Na kati ya swali la jana na la leo waliongea, kwa sababu mwenye kuposa ni lazima aongee. Anicet aligundua kwamba mkewe hapendi maharage, amekula maharage maisha yake yote na hayapendi. Odeta aligundua kwamba mumewe akiwa mtoto alitaka kuwa fundi wa saa. Odeta alimwimbia, peke yake, nyimbo za kanisa za kwao, na Anicet akapiga mdundo kando ya kitanda kwa vidole. Asubuhi moja Anicet alimwambia asiamke, naye Odeta akalala mpaka jua likamkuta, na mumewe akamngoja kwa njaa bila kumwita.

Jibu alikuwa nalo siku nyingi. Alijua, na pengine na Anicet alijua. Lakini kuulizwa kulikuwa na utamu ambao hakuwahi kuuonja, na aliona si dhambi akiulamba kidogo kidogo.

Jioni moja, mvua ikiwa imenyamaza na vyura wakipiga kelele bondeni, Anicet aliuliza kwa sauti iliyokuwa imepungua sana.

“Nakubali,” Odeta alisema.

Anicet alitoa mkono nje ya blanketi, akajisogeza ukutani, akampa nafasi kitandani akae.

Kesho yake Odeta alikwenda mwenyewe kwa Celestin kumwambia Padre aitwe. Celestin alituma mtu, na mtu akarudi akasema barabara imekatika, mto umejaa, Padre yuko vigango vya ng’ambo na hawezi kuvuka mpaka maji yapungue. Wakasubiri. Odeta alilifumua gauni la kigango mgongoni, akaongezea kipande cha kitambaa cheupe, na Anicet akawa anamwangalia akishona, akisema pande hazilingani, akielekeza kwa kidole.

Alikufa mchana, mvua ikinyesha, katikati ya maneno. Alikuwa anamwambia avute uzi.

*

Watu walijaa. Emelyne alifika amelowa, akamkumbatia mama yake, na katika kilio chake kulikuwa na jambo moja alilolirudia: kwamba baba amekwenda bila ndoa. Odeta alimshika mgongo akamwacha alie. Yeye alikuwa amekwisha lia kabla hawajaja, na hilo la ndoa halikuwa miongoni mwa yaliyomliza.

Padre alikuwa bado hajavuka, kwa hiyo Celestin ndiye aliyeongoza mazishi. Alisoma sala vizuri. Alipofika kwenye wasifu wa marehemu, akasoma alikozaliwa, akasoma mwaka aliovuka, akasoma alivyolima. Halafu akasema, “Ameacha,” akasimama hapo.

Watu walingoja. Celestin alikuwa mtu mkweli na mwoga wa altare. Kitabu cha kanisa hakikuwa na ndoa ya Anicet, na neno la kawaida la wanaoishi bila ndoa hakuweza kulitamka kaburini. Alisogea mpaka alipokaa Odeta, akainama.

“Mama, nisome nini?”

“Soma mke,” Emelyne alinong’ona. “Mwalimu, soma mke tu.”

Celestin alimtazama Odeta. Alikuwa anamuuliza yeye.

“Soma mchumba,” Odeta alisema.

Walio karibu walisikia. Bibi mmoja alifunika mdomo kwa khanga, mabega yakimtikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka. Neno likapita kutoka kwa mtu hadi mtu mpaka kwa wanaume waliokuwa wameshika sepetu. Manyanda, aliyesimama nyuma, alivua kofia. Emelyne alimgeukia mama yake, akamtazama usoni kwa muda mrefu, na taratibu akaacha kulia.

Celestin alirudi mahali pake, akakohoa, akasoma kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho: marehemu ameacha mchumba, mtoto mmoja na wajukuu. Kisha akasema familia isogee. Odeta alinyanyuka, akakanyaga tope kwa miguu mitupu, na watu wakampisha atupe udongo wa kwanza.